Kengele ya Wageni

Tongi, 9 Machi 1999

Bubu, dada yangu wa kwanza na wa mwisho,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Motaleb. Ni mzima, ila tumbo limeongezeka kidogo kwa ajili ya cheo, nitakueleza. Natumai wewe na goti lako mmepatana. Ng'ombe mwekundu amezaa? Paa la jikoni limezibwa, au bado unapika umeshika mwavuli?

Binti yako Nilufar ni mzima, anakula, analala na wenzake watatu katika chumba nyuma ya msikiti. Nimekikagua mwenyewe, nimegonga kuta zote nne na mwenye nyumba akaogopa. Yuko ghorofa ya nne, anashona kola za mashati. Wasimamizi wanasema ana mkono mwepesi. Nikawaambia huo mkono kautoa kwa mjomba wake.

Sasa kaa chini. Umekaa? Mdogo wako ni Ofisa wa Dharura na Maafa wa kiwanda kizima cha Tarafdar. Nina kofia ya njano, filimbi ya chuma na meza yenye droo. Ilikuwa hivi. Tarafdar Saheb, mwenye kiwanda, alitusimamisha uani akauliza, "Nani hapa amewahi kufanya kazi ya moto?" Watu wakaangalia vidole vya miguu. Mimi nikasema, "Saheb, mimi. Sharjah, huko ng'ambo, miaka sita." Akauliza, "Zimamoto?" Nikamwambia, "Saheb, Sharjah yote ilikuwa ikilala usingizi kwa sababu yangu." Basi, kofia ikawa yangu.

Nikapewa na kitabu cha mipango ya dharura, kurasa tisini. Bubu, nimekisoma chote, hata maneno nisiyoyajua nimeyapita kwa heshima. Kilinunuliwa kutoka kiwanda kimoja cha ngozi huko kusini na hakuna aliyebadilisha hata mstari. Kinasema moto ukitokea wafanyakazi wote wakusanyike gatini. Sisi hatuna gati. Mbele yetu kuna barabara, na ng'ambo ya barabara kuna duka la mishumaa. Nikampelekea Quddus, meneja wa uzalishaji, mtu mwenye mashavu kama ya mtoto na tambuu mdomoni tangu alfajiri. Akacheka. "Motaleb bhai, hicho kitabu ni cha kuonyesha. Nani alikuambia usome?"

Wiki iliyopita tulifanya zoezi la kwanza, wageni wa Ulaya wanaonunua mashati walikuja kutazama. Kengele ilipangwa kulia saa nne na robo, baada ya chai. Jana yake Quddus alipita kila ghorofa na kutangaza. Kabatini zikatolewa skafu nyeupe na glavu mpya. Wanawake mia nne wakapangwa mistari kwa kimo, wafupi mbele. Kengele ilipolia wakashuka wakitabasamu, kama walivyofundishwa. Dakika tatu! Mgeni mmoja akapiga makofi. Kisha skafu zikakusanywa, zikafuliwa, zikarudi kabatini, wanawake wakapanda, lango likafungwa tena, na mimi nikapewa soda.

Nilikunywa ile soda, Bubu, nusu nikaimwaga. Lakini cheo ni cheo. Waambie wa nyumba ya Mollah, waliosema nitarudi kijijini kuuza mkaa.

Wako mwenye kofia,
Motaleb


Char Madhabi, Bhola, 2 Aprili 1999

Mdogo wangu Motaleb,

Nawe salamu, na dua. Idi ya kuchinja imepita salama. Sisi hatukuchinja lakini nyama ilifika kutoka nyumba tatu, ya Mollah ikiwemo, kwa hiyo sikupeleka ujumbe wako. Ng'ombe amezaa dume. Paa bado. Goti ni goti.

Kikosi chetu cha bendera za kuonya dhoruba kimepewa kipaza sauti kipya na nimekabidhiwa mimi, nakiweka chini ya kitanda. Wanaume wa kikosi walinuna siku mbili. Halafu wakakumbuka kuwa dhoruba ikija wao huwa wanakimbilia ng'ombe, mimi ndiye ninayebaki kupiga kelele.

Nimefurahi kwa kofia. Kuhusu Sharjah, barua zako za miaka ile ninazo zote. Ulikuwa unashika mtungi wa kuzimia moto kando ya mchomelea vyuma, na ukalalamika kwamba katika miaka sita hukupewa nafasi ya kuufungua hata mara moja. Sitamwambia mtu.

Nina swali moja. Umeandika "lango likafungwa tena", kama mtu anayeandika kwamba mvua ilinyesha. Linafungwa na nani? Na mwanangu akiwa ghorofa ya nne, ufunguo unakuwa wapi?

Kula vizuri. Punguza soda.

Dada yako,
Anwara


Tongi, 28 Mei 1999

Bubu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kwanza kulikuwa na mgomo, barabara zikafungwa siku tatu. Kisha homa ikanikamata, nikatetemeka hadi kitanda kikahama. Kisha wino ukaisha. Sasa nimepona na maembe yamejaa mjini. Jana nimekula manne mbele ya Quddus bila kumkaribisha. Hongera kwa kipaza sauti, japokuwa najua wewe hukihitaji. Sauti yako nikiwa mtoto ilinifikia hata nikiwa chini ya maji.

Nilufar mzima. Amenunua bangili za kioo, za kijani.

Kazi inaendelea. Nimekagua vifaa vyote, kama anavyotakiwa ofisa. Acha nikusimulie, ila usisome wakati wa chakula.

Kila ghorofa ina ndoo nne nyekundu za mchanga. Nikaingiza mkono kwenye ya kwanza kuona kama mchanga ni mkavu. Bubu, nilitoa mkono mwekundu hadi kwenye kifundo. Tambuu! Miaka saba ya mate ya tambuu ya wasimamizi, yameganda kama uji wa jana, na ndani yake vijiti vya meno, nyuzi, na jino moja zima la mtu. Nilinawa mara tano. Bado nahisi nanuka.

Mitungi ya kuzimia moto ipo kumi na mbili. Yote imefungiwa kwenye kabati la Tarafdar Saheb, isiibiwe. Hutolewa wageni wakija, inapanguswa vumbi, inatundikwa ukutani, jioni inarudi ndani. Kuna mpira mrefu wa maji, mzuri sana, umezungushwa kwenye gurudumu na kupakwa rangi nyekundu. Nikaufuata ukutani kutafuta bomba. Hakuna bomba. Umefungwa kwa msumari.

Halafu viatu. Unajua hapa kwenye kiwanda mtu haingii na ndala, nguo zisichafuke. Mia moja kwa kila ghorofa wanavua kichwani mwa ngazi, kilima cha ndala. Wakitaka kushuka kila mmoja anatafuta zake. Nikamwambia Quddus zihamishwe. Akatema ndooni, mbele ya macho yangu, akasema, "Bhai, kama una joto sana la kazi, nenda kapange mashati."

Niliwahi kukaa na watu wa mataifa kumi na moja. Nimeona mengi. Sijawahi kuona uchafu unaopakwa rangi nyekundu na kuitwa usalama. Nikitembea na ile kofia nasikia kama nimevaa sufuria la mtu mwingine.

Kuhusu ufunguo, usiwe na wasiwasi. Uko mahali pake.

Mdogo wako,
Motaleb


Char Madhabi, 14 Juni 1999

Motaleb,

Salamu. Sisi wazima. Ndama mzima. Mvua zimeanza.

Mahali pake ni wapi?

Nilufar ameniandikia. Anasema mjomba wake amemhamishia meza, sasa anakaa ile ya karibu kabisa na ngazi. Anasema wenzake wanamtania kwamba ana mjomba mkubwa. Amefurahi. Yeye ana miaka kumi na tisa, anadhani umempendelea kwa ajili ya hewa.

Mimi si wa miaka kumi na tisa. Katika watu mia nne wewe umehamisha mmoja. Kwa hiyo unajua. Unajua kitu ambacho umekiona kwa macho yako, na barua nzima umeniandikia juu ya mate.

Nitaandika jambo ambalo sisi wawili hatulisemi. Mwaka wa sabini, kabla ya ile siku, redio ilikuwa imeshapiga kelele ya dhoruba mwezi uliotangulia na hakuna kilichokuja. Ilipopiga tena baba alisema, "Hiyo redio inatafuta watu wa kuisikiliza." Akarudi kulala. Wewe ulikuwa na miaka kumi, maji yalipokuja nilikufunga kwenye mtende kwa sari ya mama. Mama mwenyewe hatukumwona tena, wala baba.

Mimi sipandishi bendera kwa mtu anayekuja kuitazama. Mkuu wa wilaya aliwahi kutaka tumpandishie, apigwe picha. Nilimwambia apige picha ya ng'ombe.

Jibu swali.

Anwara


Tongi, 19 Julai 1999

Bubu,

Salamu. Nilianza barua hii mara tatu, na zote tatu zilianza na utani. Nimezichana.

Ufunguo uko kiunoni kwa Quddus, kwenye uzi mweusi. Saa mbili asubuhi wanawake wakishaingia anashusha lango la chuma la kukunja pale chini ya ngazi na kutia kufuli, kwa sababu anasema wataiba mashati. Kisha anaenda anakokwenda. Benki, kwa kinyozi. Saa saba anaenda kula kwa mama mkwe wake, kwa riksho ni robo saa, na ufunguo unaenda naye kula. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Ndiyo, nilimhamisha Nilufar. Nilijiambia nitaanza na mmoja.

Alhamisi ya tarehe nane mtu aliacha pasi juu ya kitambaa, ghorofa ya pili, kando ya rundo la vipande vya nguo. Mimi nilikuwa uani. Niliona moshi dirishani. Nikakimbia nikapiga kengele. Bubu, niliipiga hadi mkono ukafa ganzi. Nikasubiri nisikie miguu kwenye ngazi. Sikusikia hata mguu mmoja.

Kuna mlango mdogo wa mizigo nyuma, wa kuingiza vitambaa kwa kamba, nikapandia huko kama nyani, na tumbo langu hili. Nikafika ghorofa ya nne. Unajua nilikuta nini? Wamesimama mistari. Kwa kimo, wafupi mbele. Wanafunga skafu nyeupe. Mmoja anamchana nywele mwenzake. Msimamizi wao akanijia na hasira.

"Motaleb bhai, ungetuambia basi! Wageni wanakuja leo na glavu hazitoshi!"

Nikapiga kelele, "Moto! Moto wa kweli!"

Wakatabasamu wote. "Ndiyo, bhai, moto, moto," wakasema, na mmoja akaniuliza kama hawa wa leo ni wale wanaopiga makofi.

Tuliwafundisha sisi. Kengele ikilia, vaa vizuri na utabasamu. Walifanya kila tulichowafundisha.

Moshi ulipopanda ngazi ndipo tabasamu zikawatoka. Wakakimbia. Wa mbele wakainama kutafuta ndala zao, wa nyuma wakawapanda mgongoni. Wakafika chini, lango limefungwa. Mia nne kwenye ngazi ya upana wa mikono miwili. Nilikuwa juu yao, nasikia ile sauti. Sitaiandika.

Moto wenyewe ulizimwa na bibi anayepika chai, birika moja baada ya jingine. Ofisa wa Dharura hakuzima hata kibiriti. Quddus alifika baada ya dakika tisa, anatafuna tambuu, midomo myekundu. Akafungua. Na neno lake la kwanza, mbele ya wanawake wanaotapika moshi barabarani, lilikuwa, "Nani kapiga kengele bila ruhusa?"

Nilikuwa na njaa ya kumpiga. Nilikuwa na filimbi mdomoni, nikajikuta naing'ata.

Hakuna aliyekufa. Wachache wameumia. Nilufar hakuwa mezani kwake. Meza ya karibu na ngazi alikuwa amempa mwenzake Kohinur, ambaye ana mimba ya miezi saba. Alimpa siku ya pili baada ya mimi kumhamisha, na hakuniambia. Nilufar ni mzima. Atakuandikia akipata nafasi.

Jioni Tarafdar Saheb aliniita. Kitabu cha mazoezi kilikuwa wazi mezani. Kimeshaandikwa, mwandiko wa Quddus: "Tarehe 8. Zoezi la moto. Dakika tatu. Limefana." Akanipa kalamu.

Nikasaini, Bubu.

Motaleb


Char Madhabi, 6 Agosti 1999

Motaleb,

Barua ya Nilufar imefika. Si mwandiko wake. Imeandikwa na huyo Kohinur, maana yeye angeandika kwa mkono gani, wakati mkono wenyewe umevunjika sehemu mbili? Wewe uliandika "wachache wameumia" na mstari wa pili "Nilufar ni mzima". Hivyo ndivyo hata kile kitabu chao kilivyoandikwa.

Nilimtumia ujumbe arudi nyumbani. Amejibu kwa mwandiko wa rafiki yake: "Mama, nikirudi mimi, Kohinur anabaki." Nililia, na nikajivuna, na nikalia tena.

Sitakutukana. Unajitukana vizuri kuliko nitakavyoweza. Nilikufunga kwenye ule mtende kwa vifundo sita na mikono yangu ikitoka damu. Sikukufunga ili uje usaini.

Usiniandikie mpaka uwe na kitu cha kuandika.

Anwara


Tongi, 20 Septemba 1999

Bubu wangu,

Salamu, na pole ya goti, na ndama aongezeke. Nina kitu cha kuandika.

Wageni walirudi Jumanne, watatu, na mkubwa wao ni mama mmoja mrefu kama nguzo ya umeme. Zoezi lilipangwa saa nne na robo, kama kawaida. Lakini wiki mbili kabla nilikuwa nimepita kila ghorofa wakati wa chai. Nilivua kofia. Nikawaambia, "Dada zangu, mimi sijawahi kuwa zimamoto. Sharjah nilishika mtungi tu. Nawaomba jambo moja. Kengele ikilia tena, yoyote, saa yoyote, msivae kitu, msitafute ndala, msitabasamu. Shukeni." Kisha msimamizi yule wa glavu akasema, "Kumbe! Na sisi tulikuwa tunakuita zimamoto wa Sharjah nyuma ya mgongo wako, kwa kukucheka." Walicheka wote, nami nikacheka. Nilistahili.

Basi Jumanne Tarafdar Saheb akawapandisha wageni hadi ghorofa ya nne kuona kola. Quddus nyuma yao akatia kufuli, kwa mazoea tu, mkono wake umeshazoea. Kisha akatumwa kununua rosogolla, vitamutamu vya kuwakaribisha wageni, akapanda riksho, akaenda na ufunguo. Nikamtazama hadi kona. Saa tatu na dakika arobaini. Nikapiga.

Walishuka, Bubu! Miguu mitupu, bila skafu, Nilufar mbele, mkono wake umeshapona ila bado haunyooki sawasawa. Dakika mbili na nusu wako chini wote, wageni katikati yao, na Tarafdar Saheb anasukumwa na matumbo ya wanawake wake mwenyewe hadi kwenye lango lake mwenyewe. Akalitikisa.

"Motaleb! Fungua!"

"Saheb, ufunguo uko mahali pake."

"Mahali gani, mjinga wewe?"

"Kwenye duka la rosogolla, Saheb."

Yule mama mrefu akauliza kitu. Mkalimani, jasho linamtiririka, akamjibu maneno mengi. Nilufar wetu, na Kizungu chake cha shule, akaniambia kwa sauti, "Mjomba, anamwambia zoezi limefana." Mama yule alimtazama mkalimani, akatazama kufuli, akalishika kwa mkono wake. Kisha akakaa kwenye ngazi katikati ya wanawake, na akatoa saa yake akaiweka gotini. Dakika kumi na nane. Quddus alirudi ameshika sanduku la rosogolla kwa mikono miwili, akitembea taratibu, shira isimwagike.

Nimefukuzwa, bila shaka. Lakini ngoja usikie kinyaa cha mwisho. Siku iliyofuata waliniita. Kitabu kiko wazi. "Tarehe 14. Zoezi. Dakika mbili na nusu." Tarafdar Saheb akasema kwa upole, kama daktari, "Huu si uongo, Motaleb. Walishuka kwa dakika mbili na nusu. Saini, kofia ni yako." Na kweli haukuwa uongo! Ndicho kilichonitia kichefuchefu. Walikuwa wamepata ukweli mdogo wa kufunikia ule mkubwa. Nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mbaya: "Na dakika kumi na nane langoni." Quddus akauchana ukurasa. Nikaweka kofia mezani, nikaondoka na filimbi. Hiyo sirudishi.

Wageni waliamuru kufuli liondolewe na limeondolewa. Sasa nauza chai ng'ambo ya barabara, kando ya duka la mishumaa, na naona lango moja kwa moja. Chai yangu ndiyo bora Tongi nzima, watu wanasema, na wasiposema nawakumbusha.

Motaleb


Char Madhabi, 11 Oktoba 1999

Mdogo wangu,

Salamu, na dua ndefu kuliko kawaida. Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya kikosi kizima cha bendera. Palipo na rosogolla walinitaka nirudie. Mzee Mollah alisema mtu wa namna hiyo hawezi kuwa ametoka Char Madhabi. Nikamwambia atazame vizuri ule mtende.

Nimekutumia samli na mchele wa kukaanga kwa meli ya mto. Samli gawana na Nilufar na yule Kohinur. Amejifungua? Hukusema.

Kufuli limeondolewa, sawa. Lango lenyewe lipo? Na wale wageni bado wapo Tongi, au wamesharudi kwao?

Dada yako,
Anwara


Tongi, 4 Novemba 1999

Bubu,

Salamu. Samli imefika, nusu. Nusu nyingine ilivuja kwenye gunia la mtu na tumeshagombana naye. Kohinur ana mtoto wa kike, mdogo kama paka, na sauti yake inafanana na yako.

Wageni walirudi kwao mwishoni mwa Septemba. Lango lilikuwepo muda wote, limekunjwa pembeni, limepakwa rangi mpya. Uliliona ukiwa Bhola na mimi nililitazama kila siku nisilione.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, Quddus alikuja na kufuli jipya, kubwa kama kobe. Wanawake walikuwa wanaingia. Nilufar aliliona akasimama. Aliyekuwa nyuma yake akasimama. Mstari wote ukasimama hadi barabarani, magari yakaanza kupiga honi.

"Pandeni," Quddus akasema. "Mna nini?"

Nilufar akasema, "Kaka Quddus, tunapanda. Wewe tupe hilo kwanza."

"Nikupe kufuli? Wewe ni nani?"

"Anayeshona kola."

Akawaambia watakatwa siku. Akawaambia nje kuna wanawake elfu wanatafuta kazi. Wakavua ndala zao, wakaziweka chini, wakazikalia. Mia nne, katikati ya barabara kuu ya Tongi. Hawakupiga kelele, hawakubeba kitambaa wala bango. Madereva waliwatukana mwanzoni, kisha wakazima injini. Tarafdar Saheb alifika na gari lake, akashindwa kupita, akashuka akatembea kwa miguu hadi kwenye lango lake, na hakuna aliyemsogelea wala kumpisha. Wanawake walikuwa wanachambua nywele zao. Mmoja alikuwa amelala kabisa.

Saa tano Saheb akaagiza aitwe mchomelea vyuma. Alikata bawaba za lango, zote, moja moja, cheche zinaruka. Wanaume wanne wakalibeba. Wanawake wakavaa ndala, wakaingia kazini, wakavua ndala, na nilisikia mashine zinaanza.

Mimi, Bubu, mwenye filimbi, niliyepanda ndege mara nne, nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilipika chai hadi sukari ikaisha. Nilufar hakunitazama hata mara moja, hakuwa na haja. Tangu asubuhi hadi saa tano sikufanya kitu chochote, wala sikusema neno. Waulize wa hapa, hawataamini.

Motaleb